Mtama wa kutegemea mvua na mbolea ya naitrojeni: mwongozo kamili kwa wenye mashamba nyuma ya Mombasa

Huu mwongozo ni wa mtu anayekaa Mombasa, iwe Kisauni, Mikindani au Likoni, na ana ekari mbili tatu za mtama huko Bamba, Ganze, Kinango, Samburu au Mackinnon Road, shamba halina bomba wala kisima, ni mvua ya Mungu tu. Kama shamba lako liko karibu na bahari, Mtwapa au Msambweni, mvua ya huko ni nyingi zaidi kwa hivyo hesabu zangu zipandishe kidogo.

Neno langu ni moja na ntalirudia mpaka mchoke: kwa mtama wa mvua, naitrojeni inunuliwe mapema lakini itiwe kwa mvua ambayo ishaingia ardhini, sio ile unayoingoja. Watu wanamwaga gunia zima la CAN, ile mbolea ya kukuzia, siku moja kwa vile wana haraka ya kurudi town Jumapili jioni, halafu mvua inakatika wiki tatu, mtama unabaki na majani mapana ya kijani mazuri kweli ila kichwa hakuna. Sababu yake ni nyepesi, naitrojeni huotesha majani, na majani ndiyo yanayokunywa maji, sasa ukishayaotesha mengi mapema yanamaliza unyevu wote kabla maua hayajatoka na pale ndipo mtama unapohitaji maji kuliko wakati wowote. Mbolea haijaharibika, wewe ndio umeiweka kwenye majani badala ya kwenye punje.

Lakini pia msije mkasema basi tuache kabisa. Mchanga wa Ganze na Kinango umelimwa mahindi miaka na miaka, mabua yanaliwa na mbuzi, yanayobaki yanachomwa, hakuna kinachorudi. Huko hata mvua ikija nzuri mtama unatoka wa manjano, mwembamba. Maji yapo, chakula hakuna. Kwa hivyo tunatia, ila kidogo, na kwa wakati wake.

Hatua ya 1: piga hesabu kabla hujaenda agroveti

Mtama wahitaji takriban kilo 25 za naitrojeni kwa kila tani ya punje, hapo nimehesabu mmea wote, majani na mabua ndani yake. Hio ni naitrojeni tupu, sio kilo za mbolea, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Gunia la kilo 50 la urea lina 46% kwa hivyo ni kilo 23 za naitrojeni. CAN ina 26 au 27% kutegemea gunia, hesabu kilo 13. DAP ina 18% peke yake, yaani kilo 9, ila imebeba fosforasi nyingi na ndio maana inafaa kupandia.

Tuchukue mfano wa ekari moja. Tuseme lengo lako ni magunia 8 ya kilo 90, hio ni kilo 720 za punje. Zidisha kwa 25 gawa kwa 1000, wapata kilo 18 za naitrojeni. Sasa usikimbie kununua zote 18, udongo wenyewe watoa. Kule Kansas, Marekani, ambako mtama wa mvua hulimwa kwa wingi kuliko jimbo lolote la nchi hio, hesabu ya chuo chao huondoa pauni 20 kwa ekari kwa kila asilimia moja ya mboji kwenye udongo, yaani karibu kilo 9. Mchanga wetu uliochoka mara nyingi haufiki hio asilimia moja, mimi huuhesabia kilo 6. Zabaki 12. Ukipandia kilo 20 za DAP umeshatia 3.6. Zabaki 8.4, na hizo ukizigeuza kuwa CAN ni kama kilo 31, tuseme 30. Yaani ekari nzima haihitaji hata gunia moja la CAN.

Na kama msimu uliopita pale palikuwa na kunde au pojo, na mabaki ukayaacha shambani badala ya kuyang'oa na mizizi kupeleka kwa mbuzi, toa kilo nyengine 3 au 4 za naitrojeni. Hapo CAN yashuka mpaka kilo 17 hivi. Mzunguko wa pojo halafu mtama mimi nauona ni bora kuliko mbolea yoyote ya dukani, sema watu hawaupendi kwa sababu kila msimu wanataka mahindi.

Lengo lenyewe liwe la kweli. Usiandike magunia 15 kwa sababu umeona video ya mtu wa kwengine kabisa. Angalia umevuna nini misimu mitatu minne iliyopita, chukua wastani, ongeza kidogo. Ukiwa na samadi hio nayo ni naitrojeni, tani mbili za samadi kavu ya ng'ombe zaweza kuwa na kilo 20, ila msimu wa kwanza mtama utapata kama theluthi moja tu na zinazobaki hutoka polepole misimu inayofuata. Samadi iliyokaa juani zizini miezi na miezi ishapoteza nyingi, ile harufu kali ya choo unayoisikia ni naitrojeni yako inapaa.

Hatua ya 2: chagua mbolea, halafu hakikisha ni mbolea

Kwa pesa, urea ndio rahisi zaidi ukihesabu kwa kilo ya naitrojeni. Shida ni joto letu. Urea ikibaki juu ya ardhi yenye unyevunyevu na jua la Pwani, ndani ya siku chache inageuka amonia na kuruka, theluthi nzima yaweza kwenda hewani na wewe huoni kitu. Yataka ifukiwe sentimita 5 hivi au ipate mvua ya milimita 10 mpaka 15 mara tu baada ya kuiweka. Kama una vibarua wa kuaminika watakaofukia, nunua urea. Kama unajua kabisa watamwaga juu juu kisha wakae chini ya mwembe mpaka utakapopiga simu, nunua CAN, hio hairuki hivyo.

CAN nayo ina lake, nusu ya naitrojeni yake ishakuwa naitreti tayari, mmea unaichukua haraka sana lakini mvua kubwa ikipiga kwenye mchanga inateremka nayo chini ya mizizi. Ndio maana kwenye mchanga hatutii mara moja, ntafika hapo. Na kitu kimoja muhimu, urea na CAN usizichanganye kwenye ndoo moja ati upate nguvu mara mbili. Zikikutana zinavuta maji hewani na zinageuka uji, na kwa unyevu wa Mombasa hata saa nzima hazimalizi. Wala usichanganye mbolea hizi na jivu au chokaa, amonia itatoka hapo hapo na utaisikia puani.

Mwaka 2024 sote tulisikia sakata la mbolea feki kwenye mpango wa ruzuku, kwa hivyo hata ukichukua gunia NCPB (bodi ya nafaka) kwa ule ujumbe wa simu, lipime nyumbani. Chukua kijiko cha urea utie kwenye glasi ya maji ukoroge, yafaa iyeyuke yote isibaki kitu, na glasi itakuwa baridi mkononi. CAN nayo inapoza maji lakini inaacha tope la chokaa chini, hio ni kawaida yake, ukidondoshea ndimu au siki hilo tope latoa povu. Ikibaki mchanga na vijiwe, piga picha gunia na risiti, rudi ulikonunua siku hio hio.

Udongo ukitaka kupimwa, maabara kubwa ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, iko Kabete, Nairobi, lakini wana kituo hapa Mtwapa, anza kuuliza pale. Mimi naona kwa ekari moja mbili kipimo cha maana zaidi ni pH (kiwango cha asidi ya udongo) na fosforasi, naitrojeni yenyewe inabadilika kila mvua ikinyesha.

Hatua ya 3: kupanda

Maji kwanza. Lima kukatiza mteremko, matuta yakae kinyume na maji yanavyoteremka, na kila mita mbili tatu ziba mfereji kwa udongo ili maji yatuame. Mbolea kwenye shamba linalomwaga maji ni pesa ya kupeleka baharini.

Nafasi ni sentimita 75 baina ya mistari kwa 20 baina ya mimea, ukiwa sehemu kavu kama Mackinnon Road panua iwe 75 kwa 25 au hata 30, wacha mimea iwe michache ila ishibe. Mbegu ya muda mfupi ndio ya kwetu, Gadam inakomaa ndani ya miezi mitatu, na ile inayonunuliwa na viwanda vya bia pia ni hio hio. Panda ardhi ikiwa tayari mwanzo wa mvua, masika Aprili au vuli Oktoba, usingoje mpaka mvua iwe imezoeleka.

DAP iende kwenye mfereji kwanza, kama gramu 4 kwa kila mita moja ya mstari, ifunike na udongo wa vidole viwili, kisha ndio mbegu. Isiguse mbegu. DAP na hasa urea zikikaa na mbegu kwenye udongo ambao haujalowa vizuri, chumvi na amonia zinaichoma, na utakuja kusema mbegu ilikuwa feki. Urea usipandie kabisa.

Hatua ya 4: nondo

Hii ndio hatua watu wanairuka na ndio roho ya mambo yote. Tafuta kipande cha nondo nyembamba, chuma cha kujengea, cha urefu wa mita moja hivi, kisichochongwa ncha. Siku moja baada ya mvua kubwa kipeleke shamba, kisukume kwa mkono, bila nyundo. Kwenye udongo uliolowa kinaingia, kikifika pakavu kinagoma. Pima sehemu kama kumi za shamba, si pale penye kichuguu wala penye dimbwi. Ukigonga jiwe hama.

Kanuni ninayoifuata ni hii, mtama ukiwa na wiki nne hivi. Nondo ikiingia sentimita 50 au zaidi, tia kiasi chote ulichopigia hesabu (kwenye mchanga utagawa, ntaeleza hatua ya 5). Ikiishia baina ya 30 na 50, tia nusu, nyengine baki nayo. Ikiishia chini ya hapo, usitie kitu, ngoja. Udongo mzito wa mfinyanzi hushika maji karibu mara mbili ya mchanga kwa kina kile kile, kwa hivyo mwenye udongo mweusi aweza kuwa jasiri kidogo.

Sasa wewe uko Mombasa, shamba liko Bamba, nondo nani ataishika? Mfundishe mtu wako wa huko, akupigie picha ya nondo na alama aliyoweka, M-Pesa ya vibarua itoke baada ya picha. Ni bora kuliko kuuliza "mvua imenyesha?" manake jibu siku zote ni "imenyesha sana" hata kama ni manyunyu ya kulowesha shati.

Hatua ya 5: kutopdresi (kutia mbolea ya kukuzia), lini na vipi

Wakati ni kitu. Mtama ukiwa na majani 6 mpaka 8, kwa Gadam ni baina ya wiki ya tatu na ya tano baada ya kuota, ndani ya bua kule chini kichwa ndio kinaanza kuumbwa. Hukioni lakini ukubwa wake na idadi ya punje vinaamuliwa siku hizo. Naitrojeni ikiwepo wakati huo kichwa kinaumbika kikubwa, ukichelewa mpaka kichwa kiko ndani ya ala kinataka kutoka, mmea ushachukua sehemu kubwa ya naitrojeni yake na wewe sasa unalisha majani. Baada ya maua usitie hata punje moja.

Majani yahesabu kutoka chini, lile la kwanza kabisa lina ncha ya mviringo, mengine yote yamechongoka, hesabu yale ambayo shingo yake, pale jani linapoungana na bua, ishaonekana.

Palilia kwanza. Yaani hili silifanyii mjadala, ukitia CAN kwenye magugu umelisha magugu, na yanakula haraka kuliko mtama. Miche ipunguzwe pia ibaki mmoja mmoja.

Kipimo chetu ni kizibo cha soda. ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kavu, walikieneza kule Niger na Zimbabwe, kutia mbolea kidogo kidogo kwenye shina badala ya kumwaga shamba zima, kwa sababu kwenye nchi kavu kidogo kilichowekwa karibu na mizizi kinashinda kingi kilichotapanywa. Hesabu yake kwetu imekaa vizuri: ekari moja yenye mistari ya sentimita 75 ina kama mita 5,400 za mstari, ukigawa kilo 30 za CAN wapata gramu 5 na nusu kwa mita. Kizibo kilichojaa bila kilima ni karibu na hapo. Kwa hivyo ni kizibo kimoja kwa kila mita, mimea mitano inakula pamoja. Lakini vizibo havifanani, nenda dukani na vizibo 20 vya mbolea uvipime kwenye mizani, vikitoka gramu 100 mpaka 110 uko sawa. Kwa urea ni gramu 3 na kitu, yaani kizibo robo tatu na kidogo zaidi, manake urea ni nyepesi kuliko CAN.

Chora kamfereji kando ya mstari, kama upana wa kiganja kutoka kwenye shina, tia, fukia na mguu. Usirushe juu ya majani, chembe zikinasa pale kwenye kikombe cha majani zinaunguza. Udongo uwe na unyevu siku hio. Mvua kubwa ikiwa inatangazwa usiku huo na uko kwenye mchanga, ngoja ipite.

Na kwenye mchanga gawa mara mbili: nusu majani yakiwa 5 au 6, nusu wiki mbili baadaye, na hio nusu ya pili nayo iombe ruhusa kwa nondo. Vibarua watalalamika ni kazi mara mbili. Ni kweli, ni gharama, lakini msimu ukiharibika katikati umebaki na nusu ya mbolea ndani ya gunia.

Dalili, na zinazodanganya

Njaa ya naitrojeni huanza kwenye majani ya chini, manjano inaingia kwenye ncha na kushuka na mshipa wa kati kama herufi V. Majani ya chini yakiwa na rangi ya zambarau hio ni njaa ya fosforasi, au baridi ambayo sisi hatuna. Majani yakijikunja mchana na kufunguka jioni ni kiu, usiitibu kwa mbolea.

Inayodanganya watu wa Pwani hasa ni njaa ya madini ya chuma. Mashamba yenye mawe ya matumbawe, ule udongo wa chokaa, mtama hauupendi, majani mapya ya juu yanatoka na mistari ya manjano na mishipa imebaki kijani. Watu wanaona manjano wanaongeza CAN, na haibadiliki kitu. Angalia tu manjano imeanzia wapi. Ikianzia juu sio naitrojeni.

Halafu kuna striga, lile gugu dogo zuri lenye maua mekundu linalonyonya mizizi ya mtama. Shamba lenye naitrojeni huwa nalo kidogo, ila mbolea peke yake hailimalizi, ling'oe kabla halijatoa mbegu, na pojo na kunde kwenye mzunguko zinasaidia.

Mbuzi

Hii sehemu msiipite. Mtama mchanga una sumu ya sayanaidi, na ukipigwa na kiangazi huku umetiwa naitrojeni nyingi hio sumu yapanda na pia naitreti inajikusanya kwenye mabua ya chini. Mnyama aweza kufa ndani ya saa chache. Kwa hivyo mtama ukikushinda kwa ukame usiseme basi nifungulie mbuzi wale, hasa yale machipukizi mapya yanayotoka mvua ikirudi. Ngoja ufike zaidi ya kiuno, au kata ukauke vizuri kwanza, kukausha kunapunguza sayanaidi sana lakini naitreti haitoki, basi kata juu, bua la chini liache shambani. Mwambie na jirani, manake mbuzi wa jirani hawasomi mwongozo.

Gunia lililobaki

CAN na urea huku kwetu zinavuta unyevu mpaka zinakuwa jabali. Toa hewa, funga mdomo kwa kamba, litie ndani ya gunia jengine la nailoni, weka juu ya mbao mbali na ukuta. Usiweke jikoni wala karibu na mafuta ya dizeli au petroli. Ikigandamana haijaharibika, ivunje uitumie, ila pima upya vizibo vyako kwa sababu unga na chembe havina uzito mmoja.

Hatua ya mwisho: mistari minne bila mbolea

Katikati ya shamba, si pembeni, acha mistari minne usiitopdresi kabisa. DAP ipate, palizi ipate, CAN isipate. Siku ya kuvuna vuna mita 10 za ile miwili ya kati, na mita 10 za mistari miwili iliyotiwa mbolea, pura mbali mbali, anika, pima. Mita 20 za mstari ni mita za mraba 15, kwa hivyo tofauti ya kilo utakayoipata zidisha kwa 270 upate tofauti ya ekari. Ndege wakiwa wamekula upande mmoja usijidanganye, chagua pengine.

Kisha pesa. Tuseme gunia la CAN ni 2,500 kama bei ya ruzuku ilivyowekwa 2023, kilo 30 ni 1,500, ongeza vibarua 1,000. Mtama ukiuza 30 kwa kilo, wahitaji kilo 84 za ziada kwa ekari kurudisha pesa yako tu. Msimu wenye mvua ya kutosha, kilo 8 za naitrojeni zaweza kukuletea kilo 100 na zaidi, msimu mbaya zikakuletea sufuri. Tofauti ikitoka chini ya hizo 84 na mvua ilikuwa nzuri, basi naitrojeni sio iliyokukwamisha, angalia palizi, nafasi, tarehe ya kupanda, na msimu ujao baki na DAP na pojo kwanza.